Oga Vizuri kwa Maji Kidogo: Somo la Bafu la Nyumbani

Karibu maji yote ya mfereji tunayotumia Mombasa hutoka nje ya kaunti yetu. Yapo ya chemchemi za Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, yanayosafiri katika bomba kwa zaidi ya kilomita 200. Yapo ya visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, ambayo ni lazima yasukumwe kwa pampu za umeme. Mengine hutoka Marere na Tiwi, Kaunti ya Kwale. Yakifika bafuni kwako, yameshagharimu umeme na fedha, na kuna jirani mwisho wa bomba ambaye bado anayasubiri.

Zifuatazo ni hatua 5 za kupunguza maji na umeme unaopotea bafuni. Nyingi kati yake hata mpangaji anaweza kuzifuata, na ya kwanza haihitaji hata shilingi.

1. Pima kwanza

Weka ndoo ya lita 20 chini ya shawa, fungua maji kama unavyooga siku zote, kisha funga baada ya dakika 1. Kama ndoo haina alama, pima maji hayo kwa chupa ya lita 1. Tuseme umepata lita 12. Anayeoga kwa dakika 8 maji yakitiririka atatumia lita 96, yaani karibu mitungi 5 ya lita 20. Nyumba ya watu 5 itamaliza lita 480, na hiyo ni kuoga mara moja tu. Kwa joto letu wengi huoga mara mbili.

2. Punguza kasi na muda

Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza vichwa vya shawa vya kubana maji, vinavyotoa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Lowesha mwili, funga maji, jipake sabuni, kisha fungua tena ujisuuze. Shawa ya lita 6 ikitiririka kwa dakika 4, umetumia lita 24 badala ya 96. Anayeoga kwa ndoo na kata hutumia ndoo moja tu. Huyo tayari anafanya lile tunalolifundisha hapa.

Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, matundu ya shawa huziba na watu hukaa bafuni zaidi. Loweka kichwa cha shawa ndani ya siki usiku kucha, kisha kisugue kwa mswaki wa zamani.

3. Ziba panapovuja

Usiku, weka bakuli chini ya shawa iliyofungwa. Asubuhi pima kilichokusanyika. Bandu bandu huisha gogo: kikombe kimoja kwa usiku ni ndoo nzima baada ya miezi michache. Mara nyingi kilichoharibika ni mpira wa ndani ya koki, na fundi wa bomba huubadilisha kwa muda mfupi. Mpangaji, mwarifu mwenye nyumba mapema.

4. Tumia jua kupasha maji

Shawa ya umeme ya wati 5,500 ikiwaka kwa dakika 10 hula karibu yuniti 1. Watu 5 ni karibu yuniti 5 kila siku. Umeme mwingi wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, lakini jioni matumizi yanapopanda, mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu husaidia kuziba pengo.

Miezi mingi ya mwaka, maji ya tangi jeusi lililo juu ya paa huwa vuguvugu ifikapo alasiri. Oga wakati huo. Msimu wa kusi, kunapokuwa na baridi kidogo, punguza kiwango cha joto na muda wa kuoga. Mwenye uwezo anaweza kufunga mtambo wa jua. Na kama shawa ya umeme ipo, fundi mwenye leseni ahakikishe waya wa ardhi umeunganishwa. Usikubali kuoga kwenye shawa inayokupiga shoti hata kidogo.

5. Yape maji kazi ya pili

Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yanayopitisha maji upesi. Uchafu unaomwagwa ovyo unaweza kufika kisimani. Kama una nafasi uani, elekeza maji ya kuogea kwenye migomba, mipapai au minazi iliyo mbali na kisima, kwa masharti haya:

- Yatumie siku hiyo hiyo. Maji yaliyosimama huzalisha mbu, wakiwemo wanaoeneza dengi na chikungunya.
- Yamwage kwenye udongo, si juu ya majani au matunda.
- Usimwagilie dania, saladi au mboga nyingine inayoliwa mbichi.
- Usitumie maji yaliyoosha nepi, yaliyoogeshwa mtu anayehara, au yenye dawa ya kuondoa madoa.

Zoezi la wiki hii

Andika kwenye karatasi lita za shawa yako kwa dakika, dakika anazooga kila mtu, na idadi ya watu nyumbani. Zidisha. Bandika jibu kwenye mlango wa bafu, watoto walione. Baada ya mwezi pima tena, kisha linganisha bili mpya na ya zamani. Maji utakayobakisha ni nafuu kwako, na huongeza nafasi ya jirani wa mwisho wa bomba kupata yake.