Mekanika ya Magurudumu Mawili: Baiskeli, Chukudu na Mzigo wa Mkulima

Madumu matatu ya maji, kila moja la lita 20, yana tungamo la kilogramu 60. Ni watu wachache wawezao kuubeba mzigo huo kichwani kwa mwendo wa saa nzima. Hata hivyo, katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki kijana huufunga mzigo kama huo kwenye karia ya baiskeli na kuufikisha nyumbani bila shida kubwa. Baiskeli haina injini, wala haimwongezei mwendeshaji nishati yoyote. Msaada wake basi unatoka wapi? Na kwa nini msaada huo hupungua mlimani, na kugeuka kuwa hatari mteremkoni?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa kutumia kanuni za mekanika zinazofundishwa katika shule za sekondari. Faida yake haiishii katika mtihani. Wanafunzi wengi huja shuleni kwa baiskeli, na wengine huwasaidia wazazi wao kusafirisha mkaa, ndizi au maji. Asiyejua breki inafanya kazi gani anaweza kulipa ujinga huo kwa maisha yake.

Kichwa, mgongo na gurudumu

Kubeba mzigo kichwani si jambo la kudharauliwa. Mwaka 1986 kundi la watafiti, akiwamo G.M.O. Maloiy wa Kenya, lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wa Kiluo na Kikuyu. Ilionekana kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea bila mzigo. Kwa mtu mwenye kilogramu 60, kiasi hicho ni kilogramu 12. Mzigo ukizidi hapo, gharama huanza kupanda. Madumu yetu matatu ni mara tano ya kiasi hicho.

Gurudumu hulitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Tuchukue kwamba kila kilogramu moja ina uzito wa nyutoni 10. Mtu akiliburuta gunia la kilogramu 60 juu ya ardhi, kani ya msuguano huweza kufikia nusu ya uzito wa gunia, yaani nyutoni 300. Gunia lilo hilo likiwekwa juu ya magurudumu mazuri, katika njia ngumu iliyo sawa, kani inayohitajika ni kiasi cha mia moja ya uzito: nyutoni 6 tu. Tofauti ni mara 50.

Sababu ni kwamba gurudumu halisugui ardhi, hubingirika. Msuguano wenyewe umehamishiwa katika ekseli, ambako gololi zilizopakwa grisi huupunguza sana. Upinzani unaobaki hutokana hasa na kubonyea kwa tairi na kwa ardhi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hubonyea zaidi kila linapozunguka, na nishati iliyotumika kulibonyeza hairudi yote. Sehemu yake hupotea kama joto. Ndiyo maana pampu ya senti chache huokoa jasho jingi. Katika mchanga, ardhi yenyewe ndiyo inayobonyea, na hapo hata tairi zuri halisaidii sana.

Tena juu ya gurudumu mwili wa mwendeshaji haupandi na kushuka kwa kila hatua kama unapotembea. S.S. Wilson, akiandika katika jarida la Scientific American mwaka 1973, alionyesha kwamba mtu juu ya baiskeli hutumia takriban sehemu moja ya tano ya nishati anayotumia kutembea umbali ule ule.

Mashine isiyo na pedali

Ili kuona kazi ya gurudumu peke yake, inafaa kuitazama chukudu ya Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, usukani, na ubao mrefu katikati wa kuwekea mzigo. Magurudumu yake pia ni ya mbao, nayo huvalishwa mpira uliokatwa katika matairi makuukuu. Haina pedali wala mnyororo. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Mlimani hushuka akasukuma kwa mikono. Chombo hiki huweza kuchukua mizigo ya kilogramu mia kadhaa: viazi, kabichi, kuni au mkaa. Katika mji wa Goma imesimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, kwa heshima ya wanaoutumia.

Wanahistoria wa teknolojia wataitambua asili ya baiskeli hapa. Mashine aliyoionyesha Karl Drais huko Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817 ilikuwa ya mbao, yenye magurudumu mawili, nayo ilisukumwa kwa miguu. Pedali zilifuata Ufaransa katika miaka ya 1860. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Baiskeli zetu za leo hazijaachana sana na umbo hilo.

Isidhaniwe kwamba chukudu ni baiskeli iliyobaki nyuma. Hiyo ni mashine ya kazi nyingine. Mzigo wake hukaa chini, karibu na ardhi. Fundi wa mbao huweza kuitengeneza pale pale. Na barabara ya mawe ya volkeno haiwezi kupinda spoku ambazo haina.

Hesabu ya meno

Baiskeli hutofautiana na chukudu kwa mnyororo na magurudumu yake ya meno. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma lina meno 20. Kila pedali zinapozunguka mara 1, gurudumu la nyuma huzunguka mara 44/20, yaani 2.2. Ikiwa kipenyo cha gurudumu pamoja na tairi lake ni meta 0.70, mzingo wake ni meta 2.2. Basi kwa mzunguko mmoja wa pedali baiskeli husogea:

2.2 × 2.2 = meta 4.84

Kwa mizunguko 60 kwa dakika, mwendo huo ni kilometa 17 hivi kwa saa. Katika muda huo huo mguu wenyewe umesafiri umbali mdogo sana. Mkono wa pedali ukiwa na urefu wa sentimeta 17, njia ya mguu ni meta 1.07 tu.

Hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kuwa mwangalifu. Amezoea kusikia kwamba mashine humwezesha mtu kuinua mzigo mkubwa kwa jitihada ndogo. Baiskeli hufanya kinyume chake. Inazidisha umbali na mwendo, na kwa hiyo inapunguza kani. Kani inayofika barabarani ni 1.07/4.84 ya ile ya mguu, yaani asilimia 22. Kanuni ya uhifadhi wa nishati haikubali mtu apate vyote viwili.

Kwa nini mwendeshaji hushuka mlimani

Mwendeshaji wa kilogramu 70, baiskeli ya kilogramu 20 na maji ya kilogramu 60 ni jumla ya kilogramu 150, yaani uzito wa nyutoni 1,500. Katika mlima unaopanda meta 1 kwa kila meta 20 za njia, kani inayovuta nyuma ni 1,500/20, yaani nyutoni 75. Tukiongeza upinzani wa kubingirika, nyutoni 15, jumla ni nyutoni 90. Ili nyutoni 90 zifike barabarani, mguu lazima usukume kwa wastani:

90 × 4.84/1.07 = nyutoni 407

Huo ni wastani wa kani iliyo sambamba na mzunguko wa pedali. Lakini mguu hukanyaga kuelekea chini tu, na pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa kani hiyo haifanyi kazi. Kwa sababu hiyo mkanyago wenyewe lazima ufikie nyutoni 640 hivi. Uzito wote wa mwendeshaji ni nyutoni 700. Anatakiwa basi kusimama juu ya pedali kwa karibu uzito wake wote, kila hatua, mpaka kileleni.

Hata akizungusha pedali mara 30 tu kwa dakika, atakwenda meta 2.4 kwa sekunde na kufanya kazi kwa kiwango cha wati 218 hivi. Mtu wa kawaida mwenye afya huweza kudumu kwa saa nyingi katika kiwango cha wati 75 hivi. Akishuka na kusukuma kwa mwendo wa meta 1 kwa sekunde, magurudumu yanabeba kilogramu 80 tu: anahitaji wati 48 za kusukuma na wati 35 za kuuinua mwili wake. Anayeshuka mlimani si mvivu. Amefanya hesabu kwa misuli yake, na amepata jibu sahihi.

Kuna jibu la pili. Magurudumu ya meno yakiwa sawa mbele na nyuma, mzunguko mmoja wa pedali utampeleka meta 2.2 tu, na wastani wa kani utashuka hadi nyutoni 185. Baiskeli nyingi za mizigo nchini zina uwiano mmoja tu, uliopangwa kwa barabara tambarare na mtu asiye na mzigo. Fundi anayebadilisha gurudumu la meno la nyuma kwa lingine lenye meno mengi zaidi anamfaa mbeba mzigo kuliko anayempakia rangi mpya.

Mteremko na breki

Nishati iliyowekwa mlimani haikupotea. Mwendeshaji wetu akipanda kimo cha meta 100, kilogramu zake 150 zimejiwekea juli 150,000. Wakati wa kushuka nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo na kubingirika. Inayobaki, isipogeuzwa kuwa joto na breki, hugeuka kuwa mwendo.

Nishati ya mwendo hufuata mraba wa mwendo: nusu ya tungamo mara mwendo mara mwendo. Kwa meta 5 kwa sekunde, kilogramu 150 zina juli 1,875. Kwa meta 10 kwa sekunde zina juli 7,500. Mwendo umezidi mara 2. Nishati imezidi mara 4. Breki zikitoa kani ya nyutoni 250, baiskeli ya kwanza husimama baada ya meta 7.5, na ya pili baada ya meta 30. Sasa mvua inyeshe. Raba za breki zinazobana ringi ya chuma iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake. Kani ikishuka hadi robo, umbali wa meta 30 unakuwa meta 120. Mtoto anayevuka njia hana habari na hesabu hiyo.

Kutokana na hayo hutokea kanuni chache za usalama. Mwendo upunguzwe kabla ya mteremko kuanza. Breki zote mbili zitumike, nazo zijaribiwe kabla ya mzigo kupakiwa na baada yake. Mzigo ufungwe chini kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa mzigo ulio juu huzidisha hatari ya chombo kupinduka kwa mbele kinapofungwa breki ghafula. Mvua ikinyesha katika mteremko mkali, mwenye mzigo ashuke na kutembea.

Kusimama bila kuanguka

Vitabu vingi vimeeleza kwamba baiskeli haianguki kwa sababu magurudumu yake yanayozunguka hukataa kuinama, kama pia ya mtoto. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli maalumu ambayo athari hiyo ya pia iliondolewa, nayo bado ilijisimamisha yenyewe ilipokuwa mwendoni. Jambo la msingi ni kwamba baiskeli inapoinama upande mmoja, usukani hugeukia upande huo huo, na magurudumu hurudi chini ya kitovu cha uzito. Kwa hiyo chochote kinachozuia usukani kugeuka kwa urahisi, kama vile ndoo zilizotundikwa juu yake, huondoa kinga ya kwanza ya mwendeshaji.

Mazoezi ya darasani

1. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma ya baiskeli tatu. Pima mzingo wa gurudumu kwa kamba, kisha tafuta umbali ambao kila baiskeli husogea kwa mzunguko mmoja wa pedali.

2. Vuta baiskeli yenye mzigo kwa mizani ya springi katika lami, udongo mgumu na mchanga. Linganisha kani na uzito wote. Rudia tairi likiwa na upepo nusu.

3. Chukudu yenye jumla ya kilogramu 300 inashuka kimo cha meta 100 kwa mwendo usiobadilika. Nishati kiasi gani imegeuka joto? Ingeweza kuchemsha lita ngapi za maji yaliyoanza na joto la sentigredi 20, ikiwa kila lita huhitaji juli 4,200 kwa kila sentigredi moja?

4. Mfanyabiashara wa mkaa ana uwezo wa kununua kitu kimoja tu: raba mpya za breki, au gurudumu la nyuma lenye meno mengi zaidi. Njia yake ina milima. Jadilini darasani anunue kipi kwanza, na kila hoja iambatane na hesabu.