Harufu ya Karanga Katika Chupa Ndogo
(Somo la Kemia kwa wanafunzi wa sasa na wa zamani)



Mwaka jana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, mgeni wetu mmoja alikaa chini ya mwembe pamoja na wavulana wa kidato cha tano. Akatoa mfukoni chupa ndogo, akaifungua, akawapa wainuse. Ilikuwa na harufu nzuri ya karanga zilizokaangwa pamoja na tumbaku kavu. Akawaambia ya kuwa hayo ni maji ya sigara ya umeme, naye huyachanganya mwenyewe jikoni kwake. "Msiogope," akasema, "hapa hamna kitu kigeni. Gliserini hutiwa katika keki, na ladha hizi ndizo za biskuti mnazokula."

Jioni wavulana watatu wakanijia kuuliza kama maneno hayo ni kweli. Nami nilikuwa na haraka, nikawajibu, "Ni sumu, msiguse." Mmoja wao akasema kwa adabu, "Lakini Mwalimu, kama vyote huliwa, sumu yatoka wapi?" Sikuwa na jibu la kutosha. Nilikuwa nimetoa amri, wala sikufundisha. Somo hili ni deni ninalolipa leo.

1. Harufu ya karanga yatoka wapi?

Karanga mbichi haina harufu kubwa. Iweke katika kikaango juu ya moto, na baada ya dakika chache nyumba nzima yanukia. Kitu gani kimetokea? Katika karanga mna sukari kidogo, na mna asidi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini. Moto ukizidi, vitu hivi viwili huungana na kuzaa vitu vipya vingi, vyenye rangi ya kahawia na harufu. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza badiliko hilo, na hata leo laitwa kwa jina lake. Ndilo liletalo rangi ya mkate, harufu ya kahawa, na utamu wa nyama ya kuchoma.

Miongoni mwa vitu vinavyozaliwa hapo mna jamii iitwayo pirazini. Molekuli yake ni pete ya atomi sita: nne za kaboni na mbili za naitrojeni zinazotazamana. Kiasi kidogo mno cha pirazini chatosha kwa pua kusema, "Karanga!" Tumbaku nayo, ikikaushwa na kuunguzwa, hutoa pirazini. Ndiyo sababu harufu ya karanga na harufu ya tumbaku zapatana kama ndugu. Mtengeneza ladha hahitaji karanga wala tumbaku. Hutia pirazini katika chupa, na pua yadanganyika.

2. Vitu vinne vilivyomo

Katika maji hayo mna vitu vinne kwa kawaida. Cha kwanza ni propilini glikoli, C₃H₈O₂, kimiminika chepesi kinachobeba ladha. Cha pili ni gliserini, C₃H₈O₃, nzito na tamu kidogo, iletayo moshi mwingi mweupe. Cha tatu ni ladha. Cha nne ni nikotini, C₁₀H₁₄N₂, iliyotengwa kutoka katika tumbaku mara ya kwanza mwaka 1828 na Posselt na Reimann, huko Heidelberg, Ujerumani.

Chombo chenyewe ni rahisi. Betri hupasha moto waya, waya hupasha utambi uliolowa, na maji hugeuka mvuke. Sigara hizi za siku zetu zilianza China mwaka 2003, kwa kazi ya mfamasia Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji sana.

Sasa tazameni jambo moja. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, lakini gliserini huchemka kwenye nyuzi 290. Utambi ukikauka, waya huwa na moto mkali kupita kiasi, na vimiminika hivi havigeuki mvuke tu, bali huvunjika. Gliserini hutoa akrolini, ambayo mmekwisha kuinusa: ni ule moshi uwashao macho mafuta yakiungua jikoni. Fomaldehaidi nayo huweza kutokea, ambayo maji yake ndiyo tunayohifadhia vyura katika maabara yetu. Basi kitu kilichotiwa katika chupa si lazima kiwe ndicho kifikacho kifuani.

3. Njia ya tumbo na njia ya mapafu

Hapa ndipo penye jibu la yule mvulana. Mtu akila kitu, kitu hicho hupita katika milango mingi yenye walinzi. Mna mate, mna asidi ya tumbo, kisha damu ya matumbo hupelekwa kwanza kwenye ini, na ini huvunja sumu nyingi kabla hazijaenea mwilini. Tena kinywa chaweza kutema, na tumbo laweza kutapika.

Mapafu hayana walinzi wa namna hiyo. Yana vifuko vidogo vya hewa mamilioni kwa mamilioni. Vyote vikitandazwa, eneo lake ni kama mita za mraba 70. Ukuta wa kifuko ni mwembamba sana, ili oksijeni ipenye upesi. Mlango uliofunguliwa kwa oksijeni umefunguliwa pia kwa mgeni mbaya.

Nawapa mifano miwili ya kweli.

Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri, Marekani, waligunduliwa watu wanane waliokuwa wamefanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza bisi zenye ladha ya siagi. Vijia vyao vidogo vya hewa mapafuni vilikuwa vimeziba kwa makovu, ugonjwa usioponyeka. Wachunguzi wakaona ya kuwa chanzo ni mvuke wa ladha ile, na hasa kitu kiitwacho diasetili. Watu wengi wamekula diasetili katika vyakula vyao bila kudhurika, bali watu hawa waliivuta. Na diasetili hiyohiyo hupendwa na watengenezaji wa ladha za siagi, maziwa na karanga. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima maji ya sigara za umeme ya ladha 51, wakaikuta katika 39. Hatusemi ya kuwa kila avutaye atapata ugonjwa wa watu wale, maana wao walivuta mvuke mwingi siku zote za kazi; na moshi wa sigara za kawaida nao una diasetili. Twasema tu ya kuwa neno "huliwa" halina maana ya "huvutwa".

Mfano wa pili ni wa mwaka 2019. Huko Marekani vijana wengi walianza kulazwa hospitali, hawawezi kupumua. Kufikia tarehe 18 Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao walikufa. Wengi walikuwa wamevuta maji yenye dawa ya bangi, yaliyochanganywa na watu wasiojulikana. Wachanganyaji walitia asetati ya vitamini E ili maji yawe mazito na kupendeza macho. Vitamini E, ndugu zangu! Hutiwa katika vidonge vya afya na mafuta ya ngozi. Tumboni ni rafiki, mapafuni iliua.

Hata chama cha watengeneza ladha cha Marekani kimesema wazi ya kuwa orodha yake ya ladha salama ni ya chakula tu, wala si ya kuvuta.

4. Kosa la hesabu

Baada ya miezi michache yule mgeni wetu aliniandikia barua, akanipa ruhusa kuieleza hapa bila kutaja jina lake. Alikuwa amevuta sigara miaka 12, na alianza kuchanganya maji yake ili apunguze gharama. Alinunua nikotini kwa mtu asiyemfahamu, katika chupa iliyoandikwa 10%. Yeye akasoma kana kwamba ni miligramu 10 katika kila mililita.

Haya, tufanye hesabu. Asilimia 10 ni gramu 10 katika mililita 100. Gramu 10 ni miligramu 10,000. Gawanya kwa 100: kila mililita ina miligramu 100. Alikosea mara kumi.

Alitaka chupa ya mililita 60 yenye miligramu 6 kwa kila mililita, yaani miligramu 360 kwa jumla. Akatia mililita 36, akidhani amefika. Kumbe ametia miligramu 3,600, na kila mililita sasa ina 60. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kupita 20.

Maji yalimwagika mikononi mwake, naye akajifuta tu kwa kitambaa. Nikotini hupenya ngozi. Wale waliokulia katika mashamba ya tumbaku ya Bunyoro na West Nile huenda wameona mchumaji akitapika baada ya kushika majani mabichi yaliyolowa umande. Ni sumu ileile. Mgeni wetu alitokwa na mate na jasho, moyo ukapiga mbio, akatapika, akalala sakafuni. "Nikiwa pale chini," aliandika, "niliiona chupa mezani, haina kifuniko, yanukia karanga. Binti yangu wa miaka miwili alikuwa mlangoni, na yeye hupenda karanga kuliko kitu chochote."

Mkewe alimwahi mtoto. Nyumba nyingine hazikupata bahati hiyo: Desemba 2014, katika jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikunywa nikotini ya namna hiyo, akafa.

Vitabu vya zamani vilisema miligramu 60 zaua mtu mzima. Mwaka 2014 Bernd Mayer, wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, alionyesha ya kuwa tarakimu hiyo ilitoka katika majaribio dhaifu ya karne ya 19, na kwamba kiasi kinachoua kikimezwa ni miligramu 500 hadi 1,000. Hata kwa hesabu hiyo ya upole, chupa ile ilitosha watu wazima watatu. Mtoto hahitaji nyingi hivyo.

5. Tufanye nini basi?

Nikotini ikimwagika mwilini, vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, wala asilazimishwe kutapika.

Na tusiwe wajinga wa upande wa pili. Kwa mtu mzima aliyekwisha kufungwa na sigara, wataalamu wa Uingereza husema ya kuwa mvuke una madhara machache kuliko moshi, na wengine wameacha sigara kwa njia hiyo. Lakini kijana asiyevuta haachi kitu; anaanza tu. Na hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 imekataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara hizi, kwa hiyo chupa ipitayo kwa siri haina mkaguzi wala mtu wa kumshtaki.

Wahenga walisema, sumu haionjwi. Mimi naongeza: wala isipimwe mezani pa chakula.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini karanga mbichi hainukii kama iliyokaangwa?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya njia ya tumbo na njia ya mapafu.
3. Chupa imeandikwa 5%. Kila mililita ina miligramu ngapi? Onyesha hesabu yote.
4. Rafiki yako akisema, "Huliwa, basi ni salama," utamjibu nini? Jibu kwa hoja, usitoe amri kama nilivyofanya mimi.