Dhamiri iliyo hai ni mlinzi wa kwanza wa amani

Ndugu msomaji, neno amani halina uhaba katika nchi zetu. Linatajwa kwenye mikutano ya siasa, kwenye semina, kwenye hotuba za Ijumaa na kwenye ibada za Jumapili. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Utamaduni wa Amani, na mwaka 2000 ukatangazwa kuwa mwaka wa kimataifa wa utamaduni huo. Pamoja na yote hayo, damu ya wasio na hatia imeendelea kumwagika. Hebu tujiulize, tunakosea wapi?

Kwa maoni yangu, tunakosea pale tunapodhani kuwa amani huletwa na maazimio na kulindwa na bunduki peke yake. Askari hawezi kuwapo katika kila njia, kila soko na kila nyumba. Kinachokuwapo kila alipo mtu ni dhamiri yake. Ikiwa hai, amani ina mlinzi. Ikifa, maazimio hubaki makaratasi.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014, wapiganaji wa al-Shabaab waliteka basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi. Waliwatenga abiria, wakawataka wengine wasome Qur'an au shahada ili kuwajua wasiokuwa Waislamu. Watu 28 waliuawa. Mimi ni mwalimu wa dini, na kazi yangu ni kuwafundisha vijana kusoma aya za Allah (SW). Nilipopata habari ile moyo uliniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu kisomo kilichoteremshwa kiwe rehema kiligeuzwa kuwa mtego wa kuulia watu.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lingine lilivamiwa karibu na El Wak, safari hii likielekea Mandera. Wavamizi walitaka jambo lile lile, Waislamu wakae kando na wasiokuwa Waislamu kando. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamewapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujitanda ili wasitambulike, na abiria wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili walipoteza maisha katika shambulio lile, lakini mauaji makubwa yaliyokusudiwa hayakutokea.

Miongoni mwa waliokataa kutengwa alikuwa Salah Farah, mwalimu wa shule, Muislamu. Alipigwa risasi, akalazwa hospitalini Nairobi, na akafariki Januari 2016. Mwaka huo huo Serikali ya Kenya ilimtunukia nishani ya taifa baada ya kifo chake. Tunamuombea Allah amrehemu.

Ndugu msomaji, abiria wale hawakuwa na silaha, wala mbele yao hapakuwa na sheikh wa kumuuliza. Walijua vyema yaliyowakuta wenzao mwaka mmoja nyuma. Njia rahisi ilikuwa kushuka, kujitenga na kuokoa nafsi zao. Ni kitu gani kiliwazuia?

Qur'an inatutajia nafsi katika hali tatu. Iko nafsi yenye kuamrisha maovu, iliyotajwa katika Surat Yusuf aya ya 53. Iko nafsi yenye kujilaumu, ambayo Allah ameiapia katika Surat al-Qiyama aya ya 2. Na iko nafsi iliyotua, iliyotajwa mwishoni mwa Surat al-Fajr. Hiyo nafsi ya kujilaumu ndiyo iliyo karibu na kile tunachokiita dhamiri. Ndiyo inayomsuta mtu kabla hajatenda, na kumnyima usingizi baada ya kutenda.

Lakini dhamiri inaweza kufa, na haifi siku moja. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa mja akitenda dhambi huwekwa doa jeusi moyoni mwake. Akitubu husafishwa, akirudia huongezeka mpaka moyo wote ukafunikwa. Hiyo ndiyo kutu iliyotajwa katika Surat al-Mutaffifin aya ya 14. Aliyefikia kumuua abiria asiyemjua hakuanzia pale. Alianza kwa kusikia watu wa dini nyingine wakitukanwa, akacheka. Akasikia uongo dhidi yao, akausambaza. Akaona mmoja wao akidhulumiwa, akasema yamempata anayostahili. Siku alipopewa bunduki, hapakuwa na sauti tena ndani yake ya kumwambia acha.

Niliposimulia kisa hiki darasani, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Ustadhi, kuwavika Wakristo vitambaa ili waonekane Waislamu si uongo?" Lilikuwa swali zuri. Nilimjibu kuwa wanachuoni wamelizungumza jambo hili, na Imam Nawawi ni miongoni mwa walioeleza kuwa anayemkimbia dhalimu mwenye kutaka kumuua hufichwa, hata kama itabidi kukana kuwa unajua alipo. Kisha nikamwambia jambo la pili. Wale akina mama hawakuwa na muda wa kufungua vitabu. Jibu lilitoka moyoni mara moja, na moyo hutoa kile kilichowekwa ndani yake miaka mingi kabla.

Hapa ipo tahadhari. Wapo watakaosema kuwa hata wauaji walifuata dhamiri zao. Ndiyo maana dhamiri haiachwi bila kipimo. Kipimo chake ni uadilifu. Surat al-Maida aya ya 8 inatukataza tusiache chuki yetu kwa watu fulani itutoe katika uadilifu, na aya ya 32 ya sura hiyo inafananisha kuua nafsi moja bila haki na kuua watu wote. Sauti ya ndani inayokuhalalishia damu ya mpita njia si dhamiri, ni hawaa iliyovaa kanzu.

Basi tufanye nini? Kwanza, wazazi na walimu tusimpige mtoto anayekiri kosa mwenyewe, kwani tukifanya hivyo tunamfundisha kuizima nafsi yake ya kujilaumu. Pili, tuzichunge ndimi zetu majumbani na misikitini tunapowataja wasiokuwa Waislamu. Tatu, kabla ya kutuma ujumbe wa uchochezi kwenye simu, kila mtu aiulize nafsi yake kama yuko tayari kuusoma ujumbe huo mbele ya Allah Siku ya Kiyama.

Mwalimu Salah Farah alifundisha wanafunzi kwa miaka yake ya kazi, lakini somo lake kubwa alilifundisha barabarani. Sisi walimu wenzake tuliobaki tujiulize, kama basi lile lingekuwa na wanafunzi wetu, wangekaa upande gani?

Allah atupe nyoyo zilizo hai. Amin.