Mwanga Ndani ya Bwawa la Samaki

Mtu akishachimba bwawa na kutia vifaranga vya perege, hudhani kazi iliyobaki ni kulisha tu. Leo tujifunze juu ya kitu kisichonunuliwa dukani, nacho ni mwanga wa jua.

Mwanga hufanya nini?

Ndani ya maji mna vijimea vidogo sana. Vikipata jua na samadi huongezeka, na maji hugeuka kijani. Perege huvila. Tena mchana hutoa oksijeni, yaani hewa wanayovuta samaki. Ndiyo maana hapa kwetu Kibaha na Kisarawe tusichimbe bwawa chini ya mwembe au mkorosho. Kivuli huzuia mwanga, na majani yakianguka huoza na kumaliza hewa.

Hatari iko wapi?

Usiku vijimea havitoi hewa, bali navyo huivuta. Vikizidi, hewa hupungua mpaka alfajiri, na samaki huja juu midomo wazi. Siku za mawingu ya masika hatari huwa kubwa zaidi. Basi jasho la miezi sita laweza kupotea kwa usiku mmoja!

Wanaofuga kambamiti kwa njia ya biofloki, yaani katika maji yenye vibonge vya bakteria na vijimea, hupuliza hewa kwa mashine usiku na mchana. Je, sisi tusio na mashine? Tutumie mkono.

Tupime hivi

1. Jua likiwa juu, zamisha mkono polepole, kiganja kikitazama juu.
2. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, maji ni mazuri.
3. Kikipotea kabla ya kiwiko, kijani kimezidi. Acha kutia samadi, punguza chakula, ongeza maji safi.
4. Kikionekana hata baada ya kiwiko, ongeza samadi kidogo.

Angalieni: maji ya tope si maji ya kijani. Tope huzuia mwanga, na kipimo hiki hakifai. Tuzuie kwanza maji ya mvua yasiingie na udongo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini samaki hutweta alfajiri, si adhuhuri?
2. Bwawa la kijijini kwenu linapata jua la kutosha?
3. Nani atapima maji kesho, na ataandika wapi alichokiona?