Matone Shingoni mwa Paka: Kuondoa Viroboto Bila Kumpoteza Mlinzi wa Ghala



Kamati zinazosimamia maghala ya mahindi ya vikundi zimekuwa zikituuliza swali moja kwa maneno tofauti. Paka tunaowafuga kwa ajili ya panya wamejaa viroboto. Je, tunaweza kuwapaka dawa ile ile tunayowamwagia ng'ombe mgongoni? Jibu fupi ni hapana. Dawa hiyo inaweza kumuua paka siku hiyo hiyo. Jibu refu ndilo somo la toleo hili. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika kikao cha kamati, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

Kwa nini jambo hili ni la kamati

Paka wa ghala ni sehemu ya mradi kama ilivyo mizani na maturubai. Akifa, panya hurudi, na mara nyingi kinachofuata ni sumu ya panya. Sumu hiyo nayo huua paka, kwa sababu paka hula panya aliyekwisha kula sumu. Kwa hiyo kamati ichague njia moja: paka au sumu, si vyote viwili kwa pamoja.

Sababu ya pili ni afya ya watu. Kiroboto wa paka huuma binadamu pia, hasa watoto wanaokaa na kulala chini. Hubeba vimelea vya tegu: mtoto anayecheza na paka akimmeza kiroboto mwenye vimelea hivyo kwa bahati mbaya, hupata tegu. Paka, mbwa na nguruwe wanaweza pia kubeba funza wale wanaoingia miguuni mwa watoto wetu, na kuwatibu watoto peke yao huku wanyama wakiachwa ni kazi isiyokwisha.

Ndugu zetu wa milima ya Usambara wanalo jambo la tatu la kukumbuka. Kuanzia mwaka 1980 wilaya ya Lushoto ilipata milipuko ya tauni iliyojirudia kwa zaidi ya miaka 20. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Paka anayewinda panya anaweza kuwaleta viroboto hao nyumbani, na yeye mwenyewe anaweza kuugua. Panapokuwa na panya wanaokufa ovyo bila sababu inayojulikana, toeni taarifa kwenye zahanati na kwa afisa mifugo mara moja, na msiwashike panya hao wala paka mgonjwa kwa mikono mitupu.

Kiroboto anaishi wapi hasa

Wengi hudhani kiroboto anaishi kwenye manyoya ya paka tu. Wale tunaowaona ni sehemu ndogo. Kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari wengi wa mifugo, viroboto wakubwa walioko juu ya mnyama ni kama 5 kati ya 100. Wengine 95 wako sakafuni, kwenye mikeka, kwenye magunia na kwenye nyufa za ukuta, wakiwa mayai, mabuu, au wamejifunga ndani ya vifuko vyao.

Jike huanza kutaga siku moja au mbili baada ya kunywa damu kwa mara ya kwanza, na anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayagandi kwenye manyoya. Hudondoka kila mahali paka anapolala. Mabuu hula vumbi na kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha hujifunga ndani ya kifuko, na humo wanaweza kungoja kwa miezi mpaka wahisi joto na mtikisiko wa mnyama au mtu anayepita. Ndiyo maana mtu akifungua ghala lililofungwa muda mrefu huumwa miguu palepale mlangoni.

Ili kuhakikisha kuwa ni viroboto, mchaneni paka kwa kitana cha chawa juu ya karatasi nyeupe. Vipunje vyeusi vikidondoka, vidondosheeni maji. Vikitoa rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto.

Dawa ya matone ni nini

Ni dawa ya maji iliyo ndani ya kichupa kidogo cha plastiki, kipimo kimoja kwa mnyama mmoja. Hudondoshwa kwenye ngozi ya shingo kwa nyuma. Katika maduka ya dawa za mifugo, hasa ya mijini, aina tatu za viambato hukutwa mara nyingi kwa ajili ya paka.

Fipronili huenea juu ya ngozi pamoja na mafuta ya asili ya mwili na hujihifadhi kwenye vifuko vya mafuta vya ngozi. Huua viroboto na kupe. Imidaklopridi nayo huenea juu ya ngozi na huua viroboto, lakini yenyewe peke yake haitoshi kwa kupe. Selamektini hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Huua viroboto, utitiri wa masikioni na baadhi ya minyoo ya tumbo. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayoondoa tegu. Tegu wana dawa yao, na daktari wa mifugo ndiye atakayeielekeza.

Kwa kawaida dawa hizi hurudiwa kila baada ya wiki 4. Umri wa chini na uzito vimeandikwa kwenye pakiti, na nyingi hazitumiki kwa paka wenye umri chini ya wiki 8. Paka wachanga wachanwe kwa kitana kila siku, na viroboto watumbukizwe kwenye maji ya sabuni. Msilipuuze jambo hilo, kwani viroboto wengi wanaweza kummaliza damu mtoto wa paka.

Dawa zisizomfaa paka kabisa

Hapa ndipo paka wengi wanapopotea. Dawa nyingi za kumwagia ng'ombe mgongoni, za josho, na baadhi ya matone ya mbwa zina viambato vya jamii ya permethrini, sipamethrini na deltamethrini. Vilitengenezwa kwa kuiga sumu ya asili iliyo katika ua la pareto, zao ambalo wakulima wetu wa nyanda za juu wanalijua. Ng'ombe na mbwa wanazihimili. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuivunja sumu hiyo, kwa hiyo hubaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu.

Tufanye hesabu. Matone ya mbwa yanaweza kuwa na permethrini asilimia 45. Mililita 1 tu ya dawa hiyo ina miligramu 450. Ukimwekea paka wa kilo 4.5, amepata miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito wake, na kiasi hicho kinatosha kuhatarisha maisha yake. Mililita moja ni kidogo kuliko kijiko cha chai. Kwa hiyo kusema "nilimpaka kidogo tu" hakumwokoi paka.

Kanuni rahisi kwa kamati ni hii: jina la kiambato likiishia na herufi "thrin", na pakiti haisemi wazi kuwa ni ya paka, iacheni. Amitrazi, inayotumika sana kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe, nayo haimfai paka. Vilevile msitumie mafuta ya taa, maji ya tumbaku wala vitunguu. Paka hujilamba mwili mzima, na chochote kilicho kwenye manyoya huishia tumboni.

Kanuni hii isiwafanye watu waogope vyandarua vyenye dawa. Dawa iliyokauka kwenye chandarua ni kidogo. Hatari iko kwenye dawa ya maji yenye nguvu.

Sharika zenye miradi mingine zizingatie mambo mawili. Fipronili huua sungura, kwa hiyo matone ya paka yasivuke kwenda kwenye vizimba vya sungura. Pia fipronili na imidaklopridi ni sumu kali kwa nyuki, na dawa nyingi za viroboto ni hatari kwa viumbe wa majini. Vichupa vitupu visitupwe karibu na mizinga, mabwawa ya samaki wala vijito.

Namna ya kuweka matone

1. Mpimeni paka. Mtieni kwenye kikapu chenye kifuniko, mkipime kwenye mizani ya ghala, kisha mtoe uzito wa kikapu kitupu.

2. Someni pakiti: iwe na neno au picha ya paka, uzito unaolingana, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Msigawe kichupa cha mbwa mkubwa kwa paka kadhaa.

3. Msimwogeshe paka siku 2 kabla na siku 2 baada ya kuweka dawa.

4. Mtu mmoja amshike kwa utulivu, mwingine avae glovu. Tenganisheni manyoya pale shingo inapokutana na kichwa, mpaka ngozi ionekane. Hapo ulimi wa paka haufiki.

5. Dondosheni dawa yote kwenye ngozi, si juu ya manyoya. Msiweke penye kidonda.

6. Nawaeni mikono kwa sabuni. Watoto wasimshike paka mpaka pakauke. Paka wawili wanaolambana watenganishwe mpaka dawa ikauke.

7. Andikeni tarehe kwenye daftari la ghala, na tarehe ya kurudia.

Paka akilamba kidogo dawa iliyo yake anaweza kutoa mate kwa muda mfupi kwa sababu ya uchungu wake, kisha hutulia.

Nyumba nayo itibiwe

Tukikumbuka wale 95 walioko sakafuni, tutaona kuwa matone peke yake hayamalizi kazi. Fagieni ghala na nyumba kila siku kwa wiki za kwanza, pamoja na pembe na nyufa, na taka zichomwe au zifukiwe mbali. Magunia matupu na mikeka vianikwe kwenye jua kali. Vitambaa anavyolalia paka vifuliwe kwa maji ya moto. Paka na mbwa wote wa eneo hilo watibiwe kwa wakati mmoja, kila mnyama kwa dawa yake.

Msishangae mkiendelea kuona viroboto kwa wiki kadhaa. Hao ni wale waliokuwa ndani ya vifuko, wanaotoka sasa na kumrukia paka mwenye dawa na kufa. Kamati nyingine hukata tamaa hapo na kukimbilia dawa ya ng'ombe. Endeleeni na ratiba kwa angalau miezi 3 mfululizo.

Paka akiwekewa dawa isiyo yake

Dalili huanza mara nyingi ndani ya saa chache, wakati mwingine baada ya siku moja au zaidi: kutetemeka, masikio na ngozi kurukaruka, mate mengi, kuyumba, kisha degedege. Msingoje. Mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkausheni, mfunikeni apate joto la kawaida, na mpelekeni kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa iliyotumika. Msimnyweshe maziwa wala mafuta, na msimlazimishe kutapika. Paka anayehudumiwa mapema ana nafasi nzuri ya kupona.

Neno kuhusu fedha

Kwa wafadhili wetu: katika bajeti za maghala mtaanza kuona mstari mdogo wa matibabu ya paka. Hesabu yake ni nyepesi. Usharika wenye paka 4 wa ghala unahitaji vichupa 12 kwa miezi 3. Kamati iulize bei katika maduka mawili, inunue kwenye duka lenye kibali, na idai risiti. Fedha zikiwa haba, waanze na paka wanaolala ndani ya nyumba zenye watoto wadogo na wale wenye viroboto wengi, huku wengine wakichanwa kwa kitana na usafi ukifanywa kila mahali. Usafi na kitana havina bei ya dukani, na vina faida hata pale ambapo matone hayapatikani.

Dawa ya bei nafuu isiyomfaa mnyama si akiba. Inagharimu paka, kisha inagharimu mahindi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ghala letu lina paka wangapi, na nani anawajibika kwao?

2. Ni dawa gani za mifugo zilizoko sasa kwenye stoo yetu? Zileteni mezani, zisomwe majina, na zile zisizomfaa paka ziandikwe hivyo kwa kalamu nene.

3. Je, tunatumia sumu ya panya mahali palipo na paka? Tutaacha lini?

4. Ni kaya zipi zenye watoto wenye funza, na zina wanyama gani?

5. Nani ataongea na afisa mifugo wa kata kabla ya kikao kijacho, ili ashauri dawa na aonyeshe namna ya kuiweka?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Tutayapitia pamoja nanyi tutakapotembelea sharika kukagua maghala kabla ya mavuno.