Kufundisha Joto la Umeme kwa Mfano wa Kabati Lenye Hita

Katika shule za mwambao, mwalimu afunguapo kabati la vitabu wakati wa masika mara nyingi hulakiwa na harufu ya kuvu. Baadhi ya watu wenye umeme hufunga hita ndogo ndani ya kabati ili kulikausha. Jambo hili laweza kutupatia somo zuri la Sayansi kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, ilimradi tutenganishe kazi mbili: kuelewa, ambayo ni kazi ya darasa, na kufunga nyaya, ambayo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Tusipozitenganisha, twaweza kumrudisha mtoto nyumbani na ujasiri usio na maarifa.

Shabaha ya somo
Mwisho wa somo wanafunzi waweze kueleza kwa nini joto hukausha kabati, kwa nini matundu ni ya lazima, na kwa nini umeme wa nyumbani hauchezewi.

Vifaa
Maboksi matatu ya viatu yenye dirisha la nailoni angavu. Chupa tatu zenye vifuniko. Vipande vitatu vya kitambaa vilivyo sawa. Betri mbili za tochi. Na uzi mwembamba wa chuma cha kusugulia sufuria.

Hatua ya kwanza: umeme hutoa joto
Juu ya sahani ya bati, mwalimu mwenyewe aunganishe uzi wa chuma na betri mbili zilizofuatana. Uzi utang'aa na kukatika. Wanafunzi waseme walichokiona kabla hatujaeleza neno. Kisha tuwaonyeshe kwamba uzi mwembamba hupinga mkondo wa umeme, na nishati hugeuka kuwa joto. Ndivyo zifanyavyo kazi pasi na hita.

Hatua ya pili: joto na matundu
Tuloweshe vitambaa, tuweke kimoja katika kila boksi. Boksi A liwe na chupa ya maji ya moto, na matundu chini na juu. Boksi B liwe na matundu kama hayo, lakini chupa ya maji baridi. Boksi C liwe na maji ya moto bila tundu lolote. Baada ya dakika 30 wanafunzi wapapase vitambaa na kulinganisha. Kitambaa cha A kitakuwa kimekauka zaidi, na nailoni ya C itakuwa na matone. Watatambua wenyewe kwamba joto pekee halitoshi. Mvuke sharti upate njia ya kutokea.

Maelezo kwa mwalimu
Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 za Selsiasi huweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke. Ikifika nyuzi 30 huweza kubeba gramu 30 hivi. Kwa hiyo hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ikiongezewa nyuzi 5 tu, unyevu wake hushuka hadi asilimia 60 hivi, na kuvu huota kwa shida. Hita ya wati 40 katika umeme wa volti 230 hutumia ampea 0.17 hivi, na kwa saa 24 hula karibu uniti moja. Hesabu hizi wazifanye wanafunzi.

Hatua ya tatu: mchoro ubaoni
Tuchore hita chini ya kabati, ikizungushiwa wavu wa chuma, mbali na karatasi na nguo. Waya wa kahawia huleta umeme; wa buluu huurudisha; wa kijani na manjano huunganisha bati la hita na ardhi. Ndani ya plagi iwemo fyuzi ya ampea 3, ikatike pakitokea hitilafu kabla waya haujaungua.

Tahadhari
Mwanafunzi hodari atauliza, "Mwalimu, nikaifunge nyumbani?" Tusimkemee. Tumkumbushe kwamba betri zetu mbili hutoa volti 3, na soketi ya nyumbani hutoa zaidi ya mara 70 ya hizo, nao ni umeme unaoua. Nasi tusichomeke kamwe nyaya tupu katika soketi mbele ya darasa, kwani mtoto huiga tendo la mwalimu kabla ya kukumbuka onyo lake.

Kupima
1. Kwa nini kitambaa cha C hakikukauka kama cha A?
2. Waya wa ardhi una kazi gani?
3. Nguo zimeangukia hita inayowaka. Utafanya nini, na utamwita nani?

Swali la tatu lipewe muda mrefu kuliko mengine. Anayejibu kwamba atazima swichi ya ukutani kwanza, bila kugusa hita, kisha amwite mtu mzima, amelielewa somo.