Jumapili, Mama Naye Apumzike

Somo la familia. Maandiko ya kusoma pamoja nyumbani: Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Kutoka 16:22-30, Marko 2:27.



Ukitaka kujua kama nyumba fulani inapumzika Jumapili, usimuulize baba. Baba atakwambia ndiyo. Ameamka akakuta maji ya kuoga yako moto na shati limepigwa pasi. Ameenda ibada, amerudi, amekula, amelala kidogo kwa kochi, jioni akaangalia mpira. Muulize mama.

Mama aliamka saa kumi na moja. Alichemsha chai, akaosha watoto, akatafuta soksi iliyopotea (kila Jumapili kuna soksi imepotea, sijui huwa zinaenda wapi). Kama yuko kwaya au anahudumu mlangoni, hata kanisani hajakaa chini. Baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa akina mama. Anafika nyumbani saa nane na watu wanamwangalia mikono: chakula iko wapi? Akimaliza vyombo, sare za shule zinamngoja kwa beseni, maana Jumamosi alikuwa sokoni. Mitungi nayo iko mitupu. Anaketi saa nne usiku, na Jumatatu iko mlangoni. Hiyo ndiyo tunaita siku ya kupumzika. Ya nani?

Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili katika Torati, na sababu zake si moja. Katika Kutoka 20, Mungu anawakumbusha Israeli kwamba Yeye mwenyewe alipumzika siku ya saba baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: walikuwa watumwa Misri, naye akawatoa kwa mkono wenye nguvu. Sasa soma polepole orodha ya wale wanaotakiwa kupumzika. Wewe, mwana wako, binti yako, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, mgeni aliye ndani ya malango yako. Halafu Mungu anaongeza kwamba mtumishi apumzike sawasawa na wewe. Si akimaliza kazi yake, si baada yako. Sawasawa na wewe.

Mwenye nyumba anaweza kujipa mapumziko siku yoyote. Mtumishi hawezi, ng'ombe hawezi, mgeni hawezi. Hao wanangoja ruhusa ya mtu mwingine, ndiyo maana amri inawataja mmoja mmoja. Na kumbukeni Farao alisema nini Musa alipoomba watu waende kumwabudu Mungu wao. Alisema ni wavivu, akawanyima majani ya kutengenezea matofali, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile (Kutoka 5). Mtu yeyote anayemwona mwenzake ameketi kidogo na kumwita mvivu, ajue hayo maneno yalitoka kinywani mwa nani kwanza.

Ndugu mwingine atasema, "Lakini sisi hatuko chini ya sheria, na Jumapili si Sabato." Ni kweli. Paulo ameandika tusihukumiwe kwa habari ya Sabato (Wakolosai 2:16), na Warumi 14:5 inaacha kila mtu athibitishe katika akili yake mwenyewe. Sisi tunakusanyika Jumapili kwa sababu Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma. Kiswahili chetu kimehesabu kuanzia Ijumaa, ndiyo ikaitwa Jumapili, lakini katika Injili ni siku ya kwanza. Hilo ni jambo zuri sana. Maana yake hatupumziki kama mshahara wa kazi ya wiki. Tunaanza kwa kupumzika, kwa sababu kazi kubwa Yesu alishaimaliza, halafu ndiyo tunaenda kazini. Kwa hiyo neema ikitufanya tumbebeshe mama mzigo ambao hata Torati haikumbebesha kijakazi, tumeielewa vibaya.

Sasa niseme na wale ambao Jumapili yao si yao. Hapa Kyumbi, barabara ya Machakos inapoachana na Mombasa Road, trela hazijui Jumapili. Kuna wenye vibanda, wa boda boda, walinzi, na wale wanaoteremka Athi River kuingia shifti viwandani. Msijione kama Wakristo wa nusu. Kwa karibu miaka 300 ya kwanza Jumapili ilikuwa siku ya kazi katika dola yote ya Roma. Plinio, gavana wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano yapata mwaka 112 kwamba Wakristo walikuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko. Ni mwaka 321 ndipo Konstantino alipoamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike Jumapili. Wakulima aliwaacha waendelee na shamba. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa watumwa wa watu. Na kule Troa walikutana usiku, Paulo akahubiri hadi usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia akaanguka kutoka orofa ya tatu (Matendo 20). Biblia haisemi mchana alikuwa wapi. Lakini hakuna aliyemkemea kwa kulala. Walimshukia, akafufuliwa, wakaumega mkate.

Kama unafanya kazi Jumapili, chukua siku nyingine na uilinde. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Si hisani ya mdosi. Na hapo sheria haijamtoa msichana wa kazi aliye nyumbani kwako, dada mpendwa.

Kwa mama anayeuza matunda kando ya barabara ili watoto wasilale njaa, mimi sina neno la kumfungia kibanda. Yesu mwenyewe aliuliza ni nani asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato (Luka 14:5). Lakini yuko mfanyabiashara anayeketi kiti cha mbele, amevaa vizuri, akiinua mikono, huku kijana wake wa duka hajaingia ibada tangu Pasaka. Huyo kijana ametajwa kwenye amri. Nabii Amosi aliwaona wafanyabiashara waliokuwa wanangoja Sabato iishe wafungue magunia (Amosi 8:5). Wale angalau walingoja.

Basi tufanyeje? Jibu liko jangwani, kwa mana. Siku ya sita waliokota mara mbili, na Musa akawaambia waoke na kutokosa siku hiyo hiyo. Jumapili inatengenezwa Jumamosi. Muthokoi ukichemshwa Jumamosi, kesho yake unahitaji kitunguu na dakika ishirini. Sare zifuliwe Jumamosi, na si na mama peke yake. Kijana wa miaka kumi na mbili ana mikono. Maji yachotwe Jumamosi. Jumapili mchana baba na watoto waoshe vyombo. Baba, chai unaweza. Hakuna andiko linalokataza.

Saa zinazobaki msizijaze tena. Kuleni pamoja simu zikiwa mbali, watoto waseme walifundishwa nini Shule ya Jumapili, mwende kumwona shosho au jirani mgonjwa. Isaya 58:13 inataka siku hii iitwe ya furaha, na mtoto hawezi kuiita hivyo kama anachokumbuka ni mama amekasirika.

Na sisi viongozi tujiangalie. Mkutano wa akina mama, wa vijana, wa kamati ya ujenzi na mazoezi ya kwaya, yote Jumapili mchana, yanakula siku ambayo kutoka madhabahuni tunahimiza watu waipumzike. Naomba wazee watutengee angalau Jumapili moja kila mwezi isiyo na mkutano wowote baada ya ibada.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: kila nyumba ihesabu nani aliketi chini Jumapili iliyopita, na saa ngapi. Ni kazi gani tatu zinaweza kuhamia Jumamosi, na nani atazifanya? Nani chini ya paa lako au katika biashara yako anangoja ruhusa yako ili apumzike? Akina baba wajibu kwanza, akina mama wasikilize, kisha mama aseme kama ni kweli.